Vigoda Viwili vya Bluu

Mjukuu wangu Kabula ana kazi ambayo kwa muda mrefu niliiona ni ya kichaa. Anaokota samani za zamani, viti vilivyovunjika mgongo, meza, makabati ya vyombo ambayo watu wameyatupa nyuma ya nyumba. Anaviunga, anavipaka rangi safi kabisa, halafu anaanza kuviharibu. Kwanza anapaka rangi ya kahawia. Ikikauka anachukua kipande cha mshumaa na kukisugua kwenye kingo na pembe, kila mahali ambapo mikono ya watu ingepita. Juu yake anapaka nyeupe, au bluu iliyopauka. Kesho yake anapitisha msasa, na pale penye nta rangi ya juu inaachia vipande vipande, mpaka kiti kilichopakwa jana kinaonekana kimeshinda miaka thelathini mwaloni penye mitumbwi, juani, kikirushiwa maji na mawimbi. Wenye hoteli za kando ya ziwa ndivyo wanavyotaka.

"Wageni wanapenda kitu kilichochoka, babu," aliniambia.

"Basi mimi ungeniweka pale mlangoni," nikamjibu. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Ua wake wa kazi uko Igogo, si mbali na nilipozaliwa. Tangu nilipobaki peke yangu nyumbani, asubuhi nyingi nakwenda kukaa pale. Ananiita mume wake, kama wajukuu wa kwetu wanavyowatania babu zao, na nikichelewa ananigombeza kwamba nimelala wapi. Nakaa kwenye benchi, natazama, nanusa. Ni harufu ile ile ya rangi ya mafuta, ya mafuta ya taa na ya mbao iliyolowa. Sijawahi kumwambia mtu harufu hiyo inanipeleka wapi.

Mwezi uliopita alikuwa anahangaika na kabati dogo la bluu. Msasa ulikuwa unaacha mistari iliyonyooka, na kabati likaonekana limekwaruzwa na paka. "Linasema uongo," alisema mwenyewe, akautupa msasa chini. Niliinuka bila kufikiri. Nilichota mchanga kwenye rundo la mafundi wa jirani, nikaulowesha, nikaufunga kwenye kitambaa, nikaanza kusugua kwa kuzungusha, polepole, nikikaza pembeni na kulegeza katikati, jinsi maji yanavyofanya. Baada ya muda mfupi bluu ilianza kuondoka kama iliyochoka yenyewe, ikaacha ukungu wa kijivu chini yake.

"We mume wangu!" Kabula alisema. "Haya umejifunza wapi?"

"Utotoni."

"Nani alikufundisha?"

Nilisema mikono imeuma, nikarudi kukaa. Alikuwa ananisifu, ananipiga picha kwa simu, na mimi uso ulikuwa unanichoma kama mtoto aliyekamatwa. Maana hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe kwa wivu, nikiwa na miaka isiyozidi minane, na aliyeadhibiwa ni mtu mwingine.

Tulizaliwa wawili. Mimi ni Kulwa kwa sababu nilitangulia, mwenzangu ni Doto. Watu wa rika langu waliokulia huku wanajua mapacha walivyolelewa. Kila kitu kiliingia nyumbani kwa jozi. Shati likinunuliwa, ni mashati mawili ya kitambaa kimoja. Mmoja akinyolewa, na mwingine ananyolewa hata kama nywele zake bado. Wageni walioleta zawadi moja waliombwa kwa adabu warudi nayo. Haikuwa upendo tu. Ilikuwa hofu. Wakubwa waliamini kwamba pacha akipunjwa ataugua, na kwamba mtu akiharibu kitu cha pacha kwa makusudi, basi anaitafuta roho ya mtoto mwenyewe.

Mtu angedhani watoto waliolelewa hivyo hawawezi kuoneana wivu. Ilikuwa kinyume. Mimi nilijua kupima kabla sijajua kuhesabu. Nilikuwa naweza kutazama mabakuli mawili na kuona kwamba finyango ya Doto imezidi yangu kwa upana wa ukucha. Nilipima uji, nilipima blanketi, nilipima muda ambao mkono wa baba ulikaa kichwani kwa Doto na muda uliokaa kichwani kwangu. Doto alikuwa hapimi. Hilo nalo lilinichukiza. Niliona hapimi kwa sababu anajua anapendwa.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Alikuwa anabadilisha mbao zilizooza, anaziba nyufa kwa pamba na lami, anapaka rangi, mtumbwi unarudi majini. Rangi iliyobaki kwenye makopo aliileta nyumbani, ndiyo maana mlango wetu ulikuwa wa kijani, dirisha jekundu, na kabati la mama lilikuwa na rangi tatu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza jambo aliweza kukujibu kesho yake. Pembeni ya nyumba ulilala kifudifudi mtumbwi wa babu yetu, aliyefariki kabla hatujazaliwa. Ulikuwa umepauka kama mfupa. Ubao mmoja ubavuni haukuwepo, na kupitia upenyo huo sisi tulichungulia kuku wakitaga. Baba hakuruhusu mtu aupande wala aufanye kuni.

Habari za babu na mtumbwi ule tulizipata kwa shangazi Minza, dada yake baba. Alikuwa ameolewa Sengerema, ng'ambo ya maji, akarudishwa kwao kwa sababu hakupata mtoto. Alikaa chumba cha uani na ndiye aliyetuogesha jioni. Alikuwa na jiwe la kusugulia visigino, jeusi, lenye vitundu, alilolitunza kuliko watu wanavyotunza dhahabu. Alikuwa akikaa karibu na bafu la makuti baada ya kazi zote, anasugua, anaimba chini kwa chini. Mama akimtania kwamba miguu hiyo anamtayarishia nani, alijibu, "Wifi, mimi mtoto sina, lakini na magaga pia sina." Wote wawili walicheka. Nakumbuka hivyo, kwamba walikuwa wakicheka pamoja.

Tulipoandikishwa shule, madawati hayakutosha, na watoto wa darasa la kwanza tuliambiwa kila mmoja aje na cha kukalia. Baba akatutengenezea vigoda viwili. Alivitengeneza mwaloni, hatukuona mbao zake. Alivileta nyumbani vikiwa vimepakwa bluu, rangi ya kopo moja, bado vinanata. Mimi nilileta kamba. Nilipima urefu, nilipima upana, nilipima miguu. Baba alisimama akinitazama, akaniuliza, "Umeridhika, mheshimiwa?" Nikasema nimeridhika. Usiku nililala kigoda changu kikiwa kichwani pangu.

Masika hayakuisha kabla rangi ya kigoda changu haijaanza kuvimba. Ilivimba kama malengelenge, halafu ikabanduka, kwanza kwenye pembe, kisha pale pa kukalia. Chini yake mbao ilikuwa ya kijivu. Cha Doto kilikuwa kinang'aa kama siku ya kwanza. Shuleni walikuwa wanasubiri nikae.

"Kulwa, kigoda chako kina ukurutu!"

"Usikisogeze huku, utatuambukiza!"

"Kipeleke zahanati kikachomwe sindano!"

Darasa zima lilicheka. Doto naye alicheka. Alicheka kidogo tu, akajizuia, akanisogelea ili tukae karibu. Lakini mimi nilishapima kicheko chake.

Nilimlalamikia baba. Alikipaka tena. Doto akadai na chake kipakwe, vikapakwa vyote. Changu kilibanduka tena. Niliporudi mara ya tatu baba alikigeuza mikononi kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba pale palipobanduka.

"Kiache kilivyo, Kulwa."

"Na cha Doto je?"

"Cha Doto ni cha Doto."

Katika nyumba ile sikuwahi kusikia kitu kikiitwa cha mmoja. Nilikwenda kukaa nyuma ya mtumbwi wa babu na kufikiri, na kwa akili yangu ya miaka minane nilipata jibu. Nilikuwa nimemwona baba akizimua rangi kwa mafuta ya taa ili itoshe. Basi cha Doto alikipaka rangi nzito, na changu alikipaka maji ya kopo. Alijua nitapima kwa kamba, akanipunja mahali ambapo kamba haifiki. Niliiona hesabu hiyo imekamilika. Hata leo nikiikumbuka naona jinsi ilivyokaa sawa, na ilikuwa uongo mtupu.

Shule zilipofungwa, vigoda viliwekwa nyuma ya mlango na Doto akavisahau. Mimi sikusahau. Mchana mmoja, wakubwa wakiwa kazini na Doto amekwenda na mama sokoni, nilikichukua chake nikateremka nacho ziwani, katikati ya mawe makubwa ambako wanawake hawakufulia. Nilianza na mchanga wenye maji. Rangi haikusikia. Nikarudi nyumbani nikachukua jiwe la shangazi ukutani, pembeni ya bafu. Hilo liliuma. Bluu ilianza kutoka ikayeyuka majini kama wingu dogo, na mimi nikasikia raha ambayo sijui niielezeje. Sikuwa na hasira. Nilikuwa fundi. Nilijifunza kwamba jiwe ni la pembeni na mchanga ni wa katikati, kwamba ukisugua kwa mstari inaonekana kazi ya mtu, na ukizungusha inaonekana kazi ya siku nyingi. Nilikizamisha chini ya jiwe kikalala majini, nikakirudia kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu nilikitazama, kikawa kinafanana na changu. Kilikuwa kimezidi changu kidogo. Nilikikausha juani, nikakirudisha nyuma ya mlango.

Nataka nieleweke, si kwa kujitetea. Sikutaka kukivunja. Nilitaka vilingane.

Jioni ile shangazi alituogesha kama kawaida. Alimtanguliza Doto, akamtuma ndani. Aliponishika mikono alisimama. Chini ya kucha zangu zote kumi kulikuwa na bluu. Alivunja njiti ya kiberiti, akanikalisha kwenye mapaja yake nikiwa uchi na maji yananitiririka, akachokoa kucha moja moja mpaka zikawa nyeupe. Alitumia muda mrefu.

"Mikono ya baba yako kabisa," alisema alipomaliza. Nilidhani ananisifu.

Kesho yake mama alikuwa anafagia, akavitoa vigoda nje. Niliposikia anavyovuta pumzi nilijua. Doto alikuja mbio, akakiona chake, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, si kilio cha kupigwa. Mama alikishika kile kigoda kwa vidole viwili kama kitu kilichokufa.

"Nani amegusa kitu cha mtoto?"

Majirani walisimama kwenye ua. Baba alikuja, akazunguka nyumba taratibu, akatazama chini ya kuta, akaenda bafuni. Alirudi ameshika jiwe. Mimi nilikuwa nimelirudisha mahali pake, lakini sikuosha vitundu vyake, na kila kitundu kilikuwa na bluu.

"Minza, hili ni jiwe lako?"

"Ni langu."

"Lina rangi."

"Naiona."

Shangazi alilitazama jiwe, kisha akatazama mikono yangu, kisha akatazama ziwani.

"Wifi," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza kuliko ya ugomvi, "mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi sema ni nani. Sema, tuyamalize hapa."

Shangazi hakusema. Mwanamke mmoja kwenye ua akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba asiye na watoto wake ndiye anayejua wa wenzake wanaumia wapi.

Huenda yangepita. Baba alikuwa mtu wa kuacha mambo yapoe. Lakini siku ya pili Doto alishikwa na homa. Alitetemeka, akaongea maneno yasiyo na mpango, akawa anaomba kigoda chake. Walimpeleka zahanati wakarudi na vidonge vichungu, na homa haikushuka siku hiyo wala iliyofuata. Mimi nilikaa chini ya dirisha nikimsikiliza mwenzangu akipumua. Nilijua ni mimi. Nilijua kwamba nilipokuwa nasugua ule ubao nilikuwa namsugua yeye. Ningeweza kuingia nikasema. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nilifikiria jinsi baba atakavyonitazama, halafu atakavyomtazama Doto, na nikafunga.

"Aondoke," nilimsikia mama. "Akibaki, naondoka mimi na wanangu."

Baba hakujibu, na asubuhi akajibu. Alikwenda kwenye chumba cha uani akasimama mlangoni, na shangazi alikuwa ameshafunga sanduku lake. Baba alikuwa amekusanya kuni ili akichome kile kigoda mbele ya watu. Shangazi akamshika mkono.

"Usichome. Kama mnasema mzigo huu ni wangu, nipeni niubebe."

Aliweka sanduku kichwani, na kigoda juu ya sanduku, akashika njia ya kwenda kutafuta chombo cha kumvusha. Alinikuta kwenye kona ya mtumbwi wa babu. Nilitaka kukimbia, nikashika ubavu wa mtumbwi.

"Kulwa," alisema, "ukioga, sugua na nyuma ya masikio. Doto hukumbuka, wewe husahau."

Ni hayo tu. Visigino vyake vilikuwa safi, nikavitazama mpaka vikapotea.

Homa ya Doto ilishuka wiki ile ile. Ilikuwa malaria, na vidonge vilifanya kazi yake. Lakini ua mzima ulisema si mnaona, ameondoka na mtoto amepona. Na hapa ndipo penye doa ambalo hakuna msasa utakaolitoa: mimi nami nikaanza kuamini. Nilijua ni mkono wangu, lakini niliamini. Nilijiambia labda ni yeye aliyenitia wazo, labda jiwe lake lilikuwa na kitu. Niliamini kwa sababu ilinifaa. Baba alimtengenezea Doto kigoda kingine, na mimi nikakipima.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikawa karani, nikaoa. Shangazi alikuwa amepata kibanda Sengerema, anauza mihogo. Nilivuka kumtembelea mara mbili nikiwa mtu mzima, na mara zote nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Nilimkuta amekaa juu ya kile kigoda anamenya mihogo. Kilikuwa kimepauka sawasawa na nywele zake.

"Shikamoo shangazi. Nina neno."

"Marahaba. Kula kwanza."

Nikala. Nilipomaliza kula aliniuliza habari za Doto. "Mbona haji? Mwambie nina ulezi wake hapa." Sikuweza kulisema lile neno mtu akiwa anafunga ulezi kwenye kitambaa. Mara ya tatu nilikwenda msibani kwake. Nilirudi na kile kigoda, nikakiweka stoo pamoja na changu, nikarundika magunia juu yake.

Kabula ndiye aliyevifukua. Baada ya siku ile ya kabati hakuniacha, na Jumamosi moja alikuja kunifanyia usafi, akavikuta, akavipakia kwenye bajaji bila kuniuliza. Nilipofika Igogo vilikuwa juu ya meza yake ya kazi, vimegeuzwa miguu juu. Nilimwonyesha kipi ni changu na kipi nilikirithi kwa shangazi, nikasema tu kwamba vilitengenezwa pamoja.

"Babu, hivi ulisema vilitengenezwa pamoja?"

"Siku moja. Ni mapacha."

"Si mapacha hivi." Aligonga kimoja kwa kidole, akagonga cha pili. "Hiki cha shangazi yako ni ubao mpya, wa dukani, wa bei ya kawaida tu. Lakini hiki chako ni ubao wa mtumbwi. Ona." Alipitisha bisibisi kwenye matundu madogo yaliyojipanga mstari mmoja upande wa chini. Kutoka kwenye tundu moja alivuta uzi mweusi, akauviringisha kwenye vidole. Ilikuwa pamba yenye lami. "Hapa palikuwa na misumari, pakazibwa. Ubao uliokaa majini miaka hiyo yote umekunywa maji na mafuta ya samaki mpaka kwenye moyo. Haushiki rangi. Mimi nimeshajaribu mbao za namna hii, zinanitapikia. Nani alikupa hiki?"

Nilikaa chini.

Palikuwa na mtumbwi mmoja tu ambao baba angeutoa ubao akautia kwenye kigoda cha mtoto. Nikauona ule upenyo ubavuni, na kuku ndani yake. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Alitaka kunipa kitu cha baba yake, na mila haikumruhusu kumpa pacha mmoja zaidi ya mwenzake, hasa mbele ya mama aliyekuwa na hofu ya kila kitu. Kwa hiyo alikificha chini ya rangi ya bluu, ili vilingane. Ziwa ndilo lililokataa kufichwa. Na shangazi alijua. Mtumbwi ulikuwa wa baba yake pia, baba asingeukata bila kumwambia. Siku ile uani shangazi angeweza kujisafisha kwa maneno mawili: huyu mtoto ameona wivu, na hajui kwamba yeye ndiye aliyependelewa. Lakini hayo yangesemwa mbele ya Doto, na mbele ya mama. Akachagua kubeba.

Niseme ukweli wote, maana nimeanza. Kitu cha kwanza kilichonijia moyoni pale kwa Kabula hakikuwa aibu. Kilikuwa furaha. Nina miaka zaidi ya sabini, nina mjukuu anayenitazama, na nilichosikia ni kwamba nilimzidi Doto. Baada ya hapo ndipo nilipoona giza machoni, na Kabula akaniletea maji.

Nilimpigia Doto simu aje Jumapili. Anakaa Mabatini, ana duka la vipuri vya baiskeli. Alikuja na koti la kanisani, akakagua ua wote, akanifikia.

"Mkubwa, kuna chai hapa au umeniita nije kunusa rangi?"

"Mimi mkubwa kwa dakika ngapi?"

"Hata moja inatosha, ndiyo maana umezeeka zaidi." Akakaa. Akaviona vigoda. Uso wake ukabadilika, akavuta mguu wake nyuma kidogo, kama mtu aliyeona nyoka. "Hicho si kile... Kwa nini unakaa nacho?"

Nikamwambia. Nilianza na jiwe, nikaenda kwenye kucha, nikaenda kwenye dirisha nililokaa chini yake akiwa anaumwa. Nikamwambia na habari za ubao wa babu. Hilo nilitamani kulibakiza, lilikuwa tamu mno mdomoni, lakini nililitoa. Kabula alikuwa amezima mashine yake na kusimama nyuma yangu.

Doto hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta na tai yake, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikwenda msibani kwake," alisema.

"Najua. Tulikwenda wote."

"Sikula."

"Doto..."

"Mke wangu aliniuliza mbona huli, nikasema tumbo. Sikula hata tonge. Ulikuwa unaniletea ulezi wake, Kulwa. Unajua nilikuwa naufanyia nini? Nilikuwa nawamwagia kuku, halafu nawaangalia kama watakufa." Aliikunja miwani. "Maisha yangu yote kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyetaka nife, na ni yeye. Ndivyo nilivyojua. Nimewafundisha na watoto wangu."

Nilisema nisamehe, na neno lilitoka dogo kama punje ya huo ulezi.

"Hilo sijui," alisema. "Usinisukume leo."

Aliinuka. Alikiendea kigoda chake, kile nilichokisugua, akakiinamia kwa muda. Alipitisha kiganja juu yake, kwenye pembe, kisha katikati, taratibu, kwa kuzungusha. Kisha akakitia kwapani, juu ya koti la kanisani, vumbi na yote. Kabula alimwambia, "Babu Doto, ngoja nikuitie bajaji." Akasema atatembea. Tulimwona akipanda kuelekea barabarani, ameinama upande mmoja kwa ajili ya mzigo, na hakugeuka.

Changu kilibaki peke yake juu ya meza. Tangu tuzaliwe sikumbuki siku ambayo nilikuwa na kitu na Doto hana kama hicho, au yeye ana na mimi sina. Kabula alingoja mpaka aliponiona natikisa kichwa mwenyewe. Akachukua brashi, akafungua kopo la bluu, labda alitaka tu kunipa jambo jingine la kutazama.

"Babu, hiki nikipake? Kidogo tu, kipate uso."

Nikamwambia aache. Hakijawahi kushika rangi.